Kichwa Kilichobaki Ndani ya Sweta

Siku yangu ya kwanza kazini nilikata vichwa vya watu saba. Nilivikata mchana kweupe, pale mwaloni Kibirizi maboti yanapotia nanga, mbele ya wachuuzi wa dagaa na wapagazi wao, na hakuna aliyenikamata, maana hata mimi mwenyewe sikujua nilichofanya mpaka picha ziliporudi.

Ninyi vijana mnaopiga picha kwa simu na kuiona papo hapo hamwezi kuijua hofu hiyo, wala utamu wake. Sisi tulipiga leo, tukaona keshokutwa. Katikati hapo mtu ulilala na picha zako zimefungiwa gizani ndani ya kamera, hujui kama umewapata watu au umepata ukuta.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Maboti yalifika kila siku, mengine yamefuata mwambao kutoka Burundi, mengine yamevuka ziwa kutoka ng'ambo, na katika kukimbia huko familia zilikatika vipande. Baba yuko boti hili, mtoto kapakizwa lile, mama kabaki ufukweni. Shirika lililoniajiri lilikuwa na Kitengo cha Kutafuta Ndugu. Kazi yetu ilikuwa kumpiga picha kila mtoto aliyefika bila mtu wake, kumpa namba, na kubandika picha yake kwenye mbao Kibirizi, Katonga na makambini, ili mzazi akipita amwone.

Nilitegemea kupewa kamera ya maana. Mkuu wa Kitengo, mwanamume mfupi, mkavu, aliyevaa miwani yenye kamba shingoni, akafungua droo na kunitolea kitu cheusi kinachoingia kiganjani.

"Hiki ni nini, Mkuu?" nikauliza.

"Kamera."

"Mimi nilidhani sabuni."

Hakucheka. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi nilimwona akicheka mara mbili, na siku hiyo haikuwa mojawapo. Alinionyesha tu: unafungua mgongo, unalaza mkanda wa filamu, unafunga, na kamera yenyewe inauvuta mkanda kwa mlio wa jiii mpaka picha ya kwanza. Hakuna kupima mwanga wala kuzungusha chochote. Unachungulia, unabonyeza, basi. Nilikuwa nimetoka kwenye studio ambako kupiga picha moja kulichukua muda wa kunywa chai, na moyo ulinidunda kwa furaha kama mtu aliyepewa baiskeli yenye mota. Nikashuka Kibirizi nikapiga mkanda mzima kabla ya adhuhuri.

Picha ziliporudi Mkuu alizipanga mezani, akazitazama kwa muda mrefu.

"Bi Zaituni, hawa ni akina nani?"

"Ni wale watoto wa juzi, Mkuu."

"Naona mashati. Naona magauni. Watoto siwaoni." Akainua moja. "Mama atamtambua mwanawe kwa shati?"

Kosa lilikuwa hili. Katika kamera ndogo za namna ile, kidirisha cha kuchungulia hakioni kile inachokiona lenzi. Kidirisha kiko juu, pembeni. Lenzi iko chini yake. Ukiwa mbali hutambui tofauti, lakini ukimsogelea mtu, jicho lako linaona uso wote huku lenzi ikiona kuanzia kidevu kwenda chini. Nilikuwa nimewasogelea mno kwa bidii yangu. Siku hiyo Mkuu akatoa amri iliyodumu: picha isiyo na kichwa isichapwe wala isibandikwe. Mkanda ulisafishwa kwa dawa, ukabaki negetivu, ule ukanda wa kahawia ambamo nyeupe huonekana nyeusi na nyeusi nyeupe. Zilizoharibika ziliishia hapo hapo, zikafungiwa kabatini.

Nami nikajifunza. Nilikata kamba ya urefu wa hatua mbili, nikafunga fundo mwishoni. Ncha moja niliishika kifuani, nyingine aliishika mtoto, na kamba ikikaza najua nimefika mahali pake. Nikajifunza pia ujanja wa flashi. Kamera ile, ili macho ya mtu yasitoke mekundu, kwanza ilimeta vimwanga vidogo vidogo, kisha ndipo ikatoa mwanga mkubwa wa picha yenyewe. Watu wakiona vile vidogo walidhani kazi imekwisha, wakanyanyuka, na mimi nikapata picha ya kiti na kisigino. Kwa hiyo kabla ya kuanza nilisimama mbele ya watoto nikawafundisha kwa Kiha changu cha Ujiji, ambacho Warundi walikisikia vizuri: usinyanyuke kwa mwanga mdogo. Ngoja mwanga mkubwa. Hata ukiitwa na nani, ngoja mwanga mkubwa. Tulifanya mazoezi kama kwaya, wakafurahi, na mimi nikafurahi kuliko wao.

Sasa niwaambie kuhusu studio, maana bila hiyo hamtaelewa kosa langu kubwa, lile la vichwa lilikuwa dogo.

Nilijifunza kazi Ujiji kwa Mzee Fundi. Ukutani kwake, kwenye msumari, lilining'inia koti jeusi. Mvuvi akija kupigwa picha na fulana yake ya samaki, anavalishwa koti. Bwana harusi koti lile lile, na mwanafunzi anayetaka picha ya cheti naye koti hilo hilo, mikono ikifunika vidole. Nusu ya wanaume wa Ujiji wamo kwenye albamu za wake zao ndani ya koti la Mzee Fundi. Hakuna aliyeona aibu, kwa sababu kila mtu alijua, na kila mtu alitaka jamaa zake wa mbali wamwone ametengemaa.

"Zaituni," Mzee alikuwa akiniambia, "mtu asitoke kwenye picha yangu akiwa mnyonge kuliko alivyoingia."

Neno hilo lilinikaa. Nililibeba mpaka kambini.

Baada ya miezi michache Mkuu alinihamisha kutoka mwaloni akanituma kwenye kambi moja upande wa Kasulu. Kulikuwa na mahema ya watoto wasio na wazazi, chini ya mlezi aliyeitwa Mama Konsolata, mkimbizi mwenyewe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha na mikono isiyotulia. Aliwapanga watoto thelathini na watano mbele yangu. Jamani, nguo zao. Fulana zimebaki shingo tu, magauni yamefungwa kwa kamba. Mmoja tu alikuwa na kitu kizima: msichana wa kama miaka sita, amevaa sweta la buluu lililofumwa kwa mkono, na mkono mmoja, kuanzia kiwiko, ulikuwa wa njano.

Nikaliona koti la Mzee Fundi. Hakika, nililiona likining'inia pale pale.

"Mama Konsolata, tuwaazime wote lile sweta. Watoke vizuri."

"Ego, ndiyo, wazo zuri," akasema, naye akachangamka kama mimi.

Msichana hakutaka. Alilikumbatia tumboni. Nikachuchumaa nikamwahidi kwamba atakuwa wa mwisho, atalivaa tena mwenyewe, na picha yake itakuwa nzuri kuliko zote. Akanitazama sana, kisha akanyoosha mikono juu nimvue. Akakaa pembeni amejikunyata, akilifuatilia sweta lake kwa macho kutoka mwili hadi mwili. Lilifumwa pana, likawatosha wote, na wadogo tuliwakunjia mikono yake. Nikawafundisha kungoja mwanga mkubwa, kisha nikafanya kazi kama mwendawazimu, kamba inakaza, vimwanga vinameta, mwanga mkubwa, haya mwingine. Mkanda una picha thelathini na sita. Nikijua ninazo za kutosha na moja ya ziada, nikaiharibu ile ya ziada kwa mtoto aliyepiga chafya.

Ikafika zamu ya mwenye sweta. Dereva wetu alikuwa ameshaanza kupiga honi, maana wingu zito lilikuwa linakuja na barabara ile ikilowa hamtoki. Msichana akasimama mbele ya kigoda walichokalia wenzake, anavaa sweta lake mbio mbio, mikono juu, kichwa bado kimo ndani. Na kidole changu kikatangulia akili yangu. Vimwanga vikameta, mwanga mkubwa ukatoka, na kamera ikaanza kujirudishia mkanda yenyewe, jiii, mpaka ikanyamaza. Uso wake ndipo ukachomoza shingoni mwa sweta, umetabasamu tayari kwa picha.

Sikuwa na mkanda mwingine. Nikamwambia nitarudi wiki ijayo. Akakaa kwenye kigoda, hakunyanyuka hata tulipoondoka.

Sikurudi. Mvua ilikata barabara, kisha Mkuu akanihamishia Katonga nisimamie mbao za picha, kambini wakatumwa wengine wenye kazi nyingine. Ningeweza kusingizia mvua mpaka leo, lakini ukweli ni kwamba nilisahau. Mkuu alipoziona picha za sweta alipandisha miwani.

"Hawa wote wana sare?"

"Ni utaratibu wa studio, Mkuu."

Akazihesabu. "Angalau vichwa vyote vipo," akasema, na kwake hiyo ilikuwa sifa. Nikazibandika zote kwa furaha.

Katonga ilikuwa kituo changu nilichokipenda. Asubuhi wanawake walianika dagaa mchangani, na wakimaliza walikuja kusimama mbele ya ubao wangu, wengine kutafuta, wengine kuangalia tu. Kila mzazi aliyemwona mtoto wake alikuwa sikukuu yangu. Nilikuwa naruka nao, nalia nao, nakimbia nao ofisini.

Siku moja mwanamke mmoja aliyekuwa akifanya kibarua cha kuanika dagaa alikuja ofisini akiwa ameshaibandua picha ubaoni, jambo lililokatazwa. Mikono yake ilikuwa imejaa magamba. Akaiweka picha mbele ya Mkuu.

"Amahoro," akatusalimu kwa Kirundi. "Mtoto huyu simjui."

"Sasa mbona umeibandua, mama?"

"Sweta nimelifuma mimi. Uzi wa buluu uliniishia hapa," akagusa kiwiko cha mtoto wa pichani, "nikafumua kitambaa cha shingo cha baba yake, cha njano, nikamalizia. Hakuna sweta lingine kama hili duniani. Kisha nimetazama ubaoni, kuna mtoto mwingine analo. Na mwingine. Nimetazama wote. Mwanangu hayumo."

Mkuu akaivuta picha karibu na miwani yake.

"Keza hakulivua sweta lile," akaendelea, taratibu sana. "Alilala nalo, akaamka nalo. Tulipopotezana alikuwa nalo mwilini. Niambieni tu. Watoto wenu hawa walilivua kwa nani?"

Nilielewa alichokuwa anauliza. Alikuwa anauliza kama sweta lile lilivuliwa kutoka kwa maiti. Nami ndiye niliyemfanya mama mzazi aulize hivyo, mimi na koti langu la Ujiji.

"Nilimvua mimi, mama," nikasema. "Kwa mikono yangu hii. Nilimwazima."

Akanigeukia. "Akiwa mzima?"

"Mzima, na amenuna."

"Picha yake iko wapi?"

Nikamweleza yote. Mama Keza hakunitukana. Alinitazama kama mtu anayetaka kuamini na anaogopa, kwa sababu maneno ni maneno tu, na yeye ameshaambiwa mengi na watu wengi tangu aanze kumtafuta. Mkuu ndiye aliyesimama, akafungua kabati, akatafuta bahasha ya mkanda ule, akainua negetivu ya mwisho dirishani.

"Ya thelathini na sita," akasema. "Nilikataza isichapwe."

Mama Keza aliishika akaitazama juani. Hakuona kitu, nani angeona? Mwili mweupe, sweta la rangi isiyoelezeka, mahali pa kichwa fundo la nguo. Nikaichukua nikatoka mbio mpaka studio ya mjini yenye mashine ya kuchapa. Naapa sijawahi kukimbia vile, kandambili mkononi, mwanamke mzima. Nikamwambia mchapaji sitoki hapo bila picha hiyo. Ilipotoka, bado na joto la mashine, nikakimbia nayo kurudi.

Ilikuwa picha ya mtoto asiye na kichwa. Mikono miwili juu, mmoja wa buluu, mmoja wa njano, uso umemezwa na sweta, na chini tumbo wazi. Mama Keza hakuangalia sweta. Alisogeza kidole gumba mpaka kando ya kitovu, kwenye baka jeusi ambalo mimi nilidhani ni uchafu.

"Uji wa moto," akasema. "Alikuwa anaanza kutambaa. Niligeuka kidogo tu." Kisha akakaa chini sakafuni, palepale, akaiweka picha mapajani.

Mkuu alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Gari iwe tayari asubuhi," akasema.

Sijui kama ile safari ilikuwa ndefu au fupi. Mama Keza alishika picha njia nzima na mimi nilishika kamera, yenye mkanda mpya, na mikanda mingine miwili mfukoni. Nilikuwa naomba Mungu mtoto awe bado yuko kwa Mama Konsolata, maana watoto walikuwa wakihamishwa, wakigawiwa kwa familia za kuwalea.

Tulipofika, Mama Konsolata alitoka hemani akifuta mikono. "Keza? Yuko. Kaenda kisimani." Akamshika Mama Keza mikono yote miwili, wakaanza kusalimiana kwa Kirundi, na mimi nikatangulia kidogo kwa sababu sikuweza kutulia.

Nikamwona anakuja na kidumu cha maji kichwani. Amerefuka. Mikono ya sweta sasa haikumfika viganjani. Akaniona mimi kwanza, akaiona kamera. Akatua kidumu, akaingia hemani mbio, akatoka na kigoda. Akakiweka mbele yangu, akakaa, viganja magotini, kidevu juu.

"Ifoto yanje," akasema. Picha yangu.

"Ego," nikamwambia. "Leo ni yako."

Nikampa ncha ya kamba. Kamba ikakaza. Nikabonyeza, na vile vimwanga vidogo vikaanza kumeta, na wakati huohuo, nyuma yangu, Mama Keza akaita jina la mwanawe.

Mtoto alisikia. Niliona kwenye kidirisha macho yake yakihama kutoka kwangu, yakapanuka, midomo ikafunguka. Lakini hakunyanyuka. Nilimfundisha mimi mwenyewe, hata ukiitwa na nani. Alitetemeka mwili mzima na hakunyanyuka, mpaka mwanga mkubwa ulipotoka. Ndipo akaruka.

Nilipiga nyingine bila kujua napiga. Machozi yalikuwa yameniziba, kamba imeanguka, nimewasogelea mno.

Picha zilipochapwa, Mama Keza aliondoka na ile ya kwanza, ambayo mtoto amekaa wima na macho yake yanamtazama mtu aliye nje ya picha. Ile ya pili Mkuu aliikuta mezani kati ya nyingine. Haina vichwa. Kuna khanga yenye magamba ya dagaa, na sweta la buluu limejibana kwenye khanga hiyo, na mkono wa njano umezunguka mgongo.

"Ibandike," akasema Mkuu.

"Haina vichwa, Mkuu."

"Naona."

Tangu hapo nilimpiga kila mtoto na nguo yake, hata kama ni kipande cha gunia. Mzee Fundi nilipomsimulia alikwenda kwenye msumari, akalipangusa koti vumbi, akaliacha palepale, maana kwake lilikuwa na kazi yake. Nilifanya kazi hiyo mpaka makambi yalipopungua na kitengo kikafungwa, nikahamishiwa masjala, nikastaafu nikiwa napanga mafaili. Kamera walinipa siku ya kuniaga, na kamba yangu bado ninayo. Kamera bado inafunguka, ila mikanda sijui mtu ataipata wapi.

Sasa ninaishi Bangwe, na picha ile ya ubaoni iko ukutani kwangu, na vitobo vya pini kwenye pembe zake nne. Wajukuu wanaijua kama picha ya bibi iliyoharibika. Juzi mmoja wao, mwenye simu mpya, aliniambia angeweza kuitengeneza, awawekee vichwa vya watu wowote. Nikamwambia akae chini, ashike ncha ya kamba, nimsimulie.